Kichwa cha Mama Mkwe

Wifi mtu ndiye aliyefungua mlango, na hakusema karibu. Alisimama pale mkono mmoja kiunoni, mwingine umeshika kitasa, akamwangalia Kitana kuanzia viatuni, akapanda taratibu mpaka kwenye kilemba, kisha akashuka tena kana kwamba kuna kitu alikiruka huko chini.

"Umekuja na simu yako?" aliuliza.

"Nimekuja kumwona mama."

"Sikukuuliza hilo."

"Ninayo, wifi. Imo mkobani."

"Usiniite wifi. Hujawa bado, na Mungu akinisikia hutakuwa."

Kitana aliuhamishia mkoba bega la pili. Msichana huyu aliyeziba mlango ndiye aliyekuwa mteja wake wa kila mwezi, na ndiye aliyesababisha jina hilo la Kitana lipatikane. Miaka miwili iliyopita kaka yake alipita saluni kumchukua, akakuta msusi mwembamba anapekua droo, anainua mito ya viti, anawalaumu wenzake kwa kumwibia kitana. "Dada, kiko kichwani kwako," kijana akamwambia, na saluni nzima ikaangua kicheko. Kesho yake alirudi peke yake, na nywele za kutengeneza hakuwa nazo. Alikuwa muuguzi, amenyoa kipara kama wanaume wengi wa wodini kwao. Alikuja kuuliza tu kama kitana kimepatikana.

"Nani huyo?" sauti ya mama ikatoka ndani.

"Ni yule," wifi akajibu bila kugeuka.

"Yule ana jina. Mpishe apite."

Leo ilikuwa siku ya nane tangu msiba ule, na nauita msiba ingawa hakuna aliyekufa. Mama huyu alikuwa ameipinga ndoa kwa mwaka mzima. Hakuwa na neno na kazi ya Kitana, wala na kwao, wala na sura yake. Alichokipinga ni kile kioo kidogo cha simu ambacho msichana hakukiweka chini hata mezani. "Nimekaa naye saa mbili," alimwambia mwanawe siku ya kwanza, "na simu yake ndiyo iliyopata maongezi." Mwana alibembeleza, akaapa, akanuna, mpaka mama akalegea. Siku ya wazazi wa pande mbili kukutana ikapangwa, na mama kwa hiari yake akasema atakwenda kutengenezwa kichwa na mkwewe mwenyewe. Nyumba nzima ilielewa maana yake. Alikuwa anatoa kichwa chake kama mtu anayetoa mkono.

Dawa ya kulainisha nywele hukaa kichwani dakika kumi na tano, ikizidi sana ishirini. Ile ilikaa arobaini. Kitana alipokuja kuisuuza, maji yalitoka na nywele, na baada ya nywele yakatoka na ngozi.

"Nilisahau," alisema siku ile, amepiga magoti kwenye sakafu yenye maji. Neno hilo muuguzi alilibeba nyumbani, akalitumia kila dada yake alipofungua mdomo. Alisahau. Binadamu husahau. Hata yeye mwenyewe amewahi kusahau. Kwa siku nane alikuwa wakili asiyechoka, na mkutano wa wazazi ukaahirishwa pasipo kutajwa siku nyingine.

Mama alikuwa amekaa kwenye kiti cha mbao karibu na dirisha, mahali penye mwanga. Kanga nyepesi ilikuwa imelazwa kichwani, haikufungwa. Pembeni, juu ya kistuli, kulikuwa na beseni la maji ya chumvi ya uvuguvugu, shashi zilizokatwa vipande sawasawa, na bomba la dawa ya kidonda. Muuguzi alikuwa anavaa glovu. Aliinua macho Kitana alipoingia, na kwa nukta moja tu uso wake ukafunguka kama zamani. Kisha akakumbuka, akayarudisha macho kwenye vidole vyake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja na vifaa?"

"Nimekuja navyo."

"Nywele zilizobaki zinaganda kwenye vidonda," muuguzi alieleza kwa sauti ya kazini, ile anayowapa ndugu wa wagonjwa. "Kila nikiosha zinavuta. Panataka kutunga usaha upande wa kushoto. Lazima ziondoke zote leo. Mimi ningezitoa, dada angezitoa. Mama kakataa."

"Nimekataa," mama alisema. "Kazi ya mtu haimaliziwi na mtu mwingine."

"Mama, hukumbuki alichokufanya?" Wifi alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko.

"Kichwa ni changu. Nakumbuka kuliko wewe."

Kitana alitandaza taulo mabegani mwa mama. Akatoa mkasi mdogo, akaufuta kwa spiriti, akausubiri ukauke. Mkoba aliuweka juu ya kochi, mbali kidogo. Akaondoa kanga. Utosini kulikuwa na kidonda kipana kama kiganja, chekundu katikati na chenye magamba ya njano pembeni. Vingine vidogo vilishuka nyuma ya sikio. Nywele zilizosalia zilisimama makundi makundi, mvi nyingi, nyeusi chache. Hizo nyeusi ndizo mama alizotaka zionekane vizuri siku ya wageni.

"Anzia nyuma," muuguzi alimwambia taratibu. "Nitakulowanishia. Pakilainika, ukate. Usivute."

"Sawa."

Wakafanya kazi. Muuguzi analowanisha kwa shashi, Kitana anakata. Vidole vyao vilikutana juu ya kichwa cha mama mara moja, mara mbili, na kila mmoja akajitia hamnazo. Kitana alimpenda mwanaume huyu. Alimpenda mpaka harufu ya sabuni ya hospitali ilikuwa inamgeuza shingo njiani. Leo harufu ile ilikuwa hatua moja kutoka usoni pake, na hakuthubutu kuigeukia.

Kisha mkoba ukatetemeka kwenye kochi.

Kitana alijua ni nini bila kuangalia. Yeye na rafiki zake walikuwa watano bwenini enzi za shule, na siku hiyo wanne kati yao walikuwa safarini, wamekodi nyumba yenye bwawa la kuogelea kusherehekea kuzaliwa kwa mmoja wao. Aliiona picha ya kwanza asubuhi, akiwa anapiga mswaki. Mabegi manne mbele ya gari. Hakuna aliyemwambia. Sasa picha zilikuwa zinamiminika, na kila mtetemo ulimfika kifuani kama mtu anayegonga mlango kwa haraka.

"Inakuita," mama alisema.

"Iache, mama."

"Mkono wako unatetemeka."

"Unatetemeka, ndiyo. Lakini unakata."

Mkoba ukatetemeka tena.

"Hivi kuna nini humo, mwanangu? Nauliza tu, sikusuti. Mimi simu yangu naipokea ikilia, basi."

Kitana aliukata unywele mmoja, akauweka kwenye karatasi. "Nahisi kama kuna mahali watu wote wamekaa wanacheka, na mimi peke yangu sijaambiwa."

"Na ukitazama?"

"Nakuta ni kweli. Wamekaa, wanacheka, na sijaambiwa."

Mama alicheka. Kicheko kilimvuta ngozi, akaguna kwa maumivu, lakini alicheka. Hata muuguzi midomo ilimcheza. Kwa muda mfupi ilikuwa kama nyumba ya watu wanaopendana, na Kitana akapata ujasiri wa kuuliza swali lililomkosesha usingizi wiki nzima.

"Mama, mbona hukuniita? Dawa ile inachoma. Mteja wa dakika ishirini huwa anapiga kelele saluni nzima isikie. Wewe ulikaa arobaini."

"Nilimwahidi huyu." Mama alinyoosha kidole kwa mwanawe. "Asubuhi ile aliniambia, mama nakuomba, leo usilalamike. Usiseme kiti kigumu, usiseme maji ya baridi, usinong'one. Mpe nafasi. Nikamwambia sawa, leo mdomo wangu nimeuacha nyumbani. Ilipoanza kuchoma nikadhani ndivyo inavyochoma. Ilipozidi nikasema, hawa ndio vijana, urembo wao ni mateso. Nikajikaza."

Shashi ilianguka kutoka mkononi mwa muuguzi, ikatua kwenye beseni.

"Mama," alisema.

"Sikulaumu. Nimeulizwa, nimejibu."

"Hujaniambia hilo siku zote nane!"

"Ungelifanyia nini? Ungeweza hata kula?"

Wifi alitoka mlangoni mwa jiko. "Kwa hiyo sasa kosa ni la kaka? Mtu anamsahau mama yetu kwenye kiti kama ndoo ya nguo chafu, halafu tutafutane mchawi humu ndani?"

"Alisahau!" Muuguzi aligeuka kwa ukali. "Nimekwambia mara ngapi? Siku ile walikuwa wasusi wawili, wateja saba. Alisahau. Kuna siku nilisahau kumbadilishia mgonjwa dripu, na mimi si mtu mbaya. Hakuna mtu anayesahau kwa makusudi!"

Mkasi wa Kitana ulisimama. Nusu ya kichwa ilikuwa tayari, nusu bado. Alitazama mgongo wa mwanaume huyu, shati lililopasiwa, mabega yaliyokuwa yanampigania, na akajua kwamba akinyamaza sasa atanyamaza maisha yake yote. Angeolewa na neno hilo. Angelilalia na kuamkia.

"Sikusahau," alisema.

Hakuna aliyemwelewa. Muuguzi aligeuka nusu.

"Dawa huwa naipimia muda kwa simu. Naweka kengele ya dakika kumi na tano. Siku ile niliiweka. Mmoja wa rafiki zangu alikuwa anafungua saluni yake, anarusha video ya moja kwa moja, na wote walikuwepo isipokuwa mimi. Nikaingia chumba cha nyuma kutazama. Kengele ikalia katikati ya video. Ikaziba uso wa mtu aliyekuwa anaongea. Nikaizima kwa kidole gumba. Nikasema dakika moja tu, nione nani anakata utepe."

"Ililia?" muuguzi aliuliza.

"Ililia."

"Ukaisikia."

"Nikaisikia."

"Ukajua ni ya mama."

Kitana alitaka kusema kwamba wakati ule hakumfikiria mama, kwamba kidole kilifanya chenyewe. Ilikuwa kweli, na haikusaidia kitu. "Nilijua," alisema.

Wifi alishusha mkono kutoka kiunoni. Labda alikuwa amejiandaa kwa ugomvi mrefu, na sasa ushindi ulikuwa umemjia mapema mno hata hakujua aushike vipi. Alirudi jikoni, na bomba likasikika likifunguliwa bila sababu.

"Nami niliisikia," mama alisema kwa utulivu.

"Uliisikia nini?" Muuguzi alichuchumaa mbele ya kiti chake.

"Hiyo kengele. Ililia huko nyuma, ikakatika. Nikajiambia, haya, sasa anakuja. Nikamsubiri. Nikaendelea kumsubiri."

"Ulijua? Mimi nazunguka nyumba hii nikimtetea, nagombana na dada yangu wa tumbo moja, nawe ulijua?"

"Nilitaka aseme mwenyewe. Ndiyo maana nikamwita." Mama alimshika mwanawe shavu. "Amesema. Mtu aliyeweza kusema hilo mbele ya kichwa hiki, mimi namtaka nyumbani kwangu. Nimemsamehe, baba."

Muuguzi alisimama. Alivua glovu moja, kisha ya pili, akazikunja moja ndani ya nyingine kama alivyofundishwa. Alipoanza kuongea hakupandisha sauti, na hilo lilimtisha Kitana kuliko kelele zote za wifi.

"Niahidi," alisema. "Hapa, mama akisikia. Niahidi kwamba hutaki tena mambo hayo ya simu. Kwamba yamekwisha."

Mkoba ukatetemeka kwenye kochi.

Wote watatu walisikia. Kitana hakugeuza shingo, lakini mwili wake mzima ulikuwa umegeuka ndani kwa ndani, na mtu aliyempenda miaka miwili asingekosa kuona.

"Nimeshakuahidi mara nne," alisema. "Mara zote nilifuta kila kitu. Mara zote nikarudisha, siku ya pili au ya tatu, chooni, nimejifungia. Nikipigana na hamu ile inanipiga. Wiki hii nimefanya vingine. Ikija naiacha ije. Nasema haya, umekuja, kaa hapo, mimi nina kazi. Na naendelea na kazi. Inauma. Kuna wakati inauma mpaka nalia. Lakini siku nane sijaacha mteja kwenye kiti."

"Siku nane."

"Ndizo nilizonazo."

"Mimi sikuulizi habari za wateja, Kitana. Nakuuliza kama utaacha kutamani."

"Sijui. Pengine sitaacha. Naweza kukuahidi mikono yangu. Moyo siwezi kuuahidi, nitakuwa nakudanganya mara ya tano."

Aliiona kauli ile ikimwingia, akaona haikukaa mahali alipotarajia. Muuguzi alitikisa kichwa polepole.

"Unajua kazini kwangu wanaleta watoto gani? Wa maji ya moto. Wa beseni la kuogea. Mama mtu anasema, nilikuwa hapo hapo, niligeuka kidogo tu. Nami nawafunga bandeji, nawaambia hao mama pole, ni bahati mbaya. Sijawahi kuwauliza waligeukia nini." Alifuta uso kwa kiwiko. "Sitaweza kulala ukiwa unamwogesha mwanangu. Nitakuwa nasimama mlangoni kila siku. Hayo si maisha ya mume, hayo ni maisha ya mlinzi."

"Basi simama mlangoni," Kitana alisema, na sasa machozi yalikuwa yanamtiririka bila aibu. "Simama mwaka mmoja. Miwili. Mimi sitachukia. Utaniona."

Muuguzi alizitupa zile glovu kapuni.

"Mnaongea juu ya kichwa changu," mama alisema, "na kichwa chenyewe kimeachwa nusu. Mmalizieni mtu baridi isimwingie."

Basi wakamaliza. Ndilo jambo la ajabu kuliko yote ya asubuhi ile, kwamba walirudi kazini. Muuguzi alivaa glovu mpya, akalowanisha. Kitana alikata. Maneno yao yalikuwa "hapa" na "bado" na "taratibu". Alikata mpaka unywele wa mwisho nyuma ya sikio la kushoto, akapuliza vumbi shingoni, akakunja karatasi yenye nywele. Muuguzi alipaka dawa, akalaza shashi, akafunga. Mama alipapasa kichwa chake kwa ncha za vidole, kuanzia paji la uso, akikwepa bandeji.

"Kumbe nimefanana na marehemu baba," alisema. "Na alikuwa mwanaume mbaya wa sura kweli."

Safari hii hakuna aliyecheka. Mama aliona, akashusha mkono. Kitana alipiga magoti amuage, na mama akamshika kichwa kwa mikono miwili, akakishikilia kwa muda.

Muuguzi alimsindikiza. Zamani alimfikisha mpaka kituoni, wakapitwa na magari matatu kwa makusudi. Leo alisimama getini, mkono juu ya komeo. Jua lilikuwa kali, na barabarani mwanamke alikuwa anamwaga maji kupunguza vumbi mbele ya duka lake.

"Ilikuwa lazima useme?" aliuliza.

"Nini?"

"Kwamba ililia. Hakuna aliyekuwa anajua. Mama asingesema mpaka kaburini, unamjua alivyo. Ungeendelea kusema ulisahau."

"Ulitaka nikudanganye?"

"Ndiyo," alisema, na sura yake ikavunjika kama ya mtoto. "Ningekuoa, Kitana. Ungesema tu ulisahau, ningekuoa."

Akarudi ndani, akalifunga geti taratibu, na komeo likaingia mahali pake.

Kitana alisimama nje na mkoba wake wa mikasi. Ndani ya mkoba simu ikaanza tena, mara moja, mara tatu, mara tano, wale wanne na bwawa lao. Angeitoa tu, angezama humo mpaka jioni, na kwa saa hizo zote asingejua kwamba ameachwa. Hakuwahi maishani mwake kutaka kitu kama alivyotaka kuitoa. Saluni kulikuwa na mteja wa saa sita, mwanamke wa makamo aliyeomba dawa ya kulainisha nywele. Aliubana mkoba kwapani ukiwa unatetemeka, akaanza kutembea kuelekea saluni huku akilia kwa sauti, na watu wakampisha njia.